YAH: KUTIWA SAMAKI SABA KWENYE TANGI LA MAJI CHUMVI LENYE UMRI WA SIKU MBILI

Kwa Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatano saa tano asubuhi, msimamizi wa zamu dukani kwenu alipokea chupa ya maji niliyoileta ipimwe, akaimwaga kwenye sinki, akaniambia mbele ya wateja wengine: "Mama yangu, samaki wanakufa tu, hata baharini wanakufa." Vipimo vya amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki wenyewe, vilikuwa rafuni, nyuma ya bega lake. Kipimo chenyewe ni matone kadhaa na dakika tano za kusubiri rangi.

Masharti ya dhamana yenu ya siku saba mnayajua, sina haja ya kuwanakilia. Naomba kurudishiwa bei ya samaki: kangaja wa buluu mmoja, klaunifishi wawili, vifuu wanne, jumla Sh 570,000. Risiti nimeiambatanisha.

Msimamizi alisema dhamana haihusu "maji ya mteja yenye kasoro". Maji yapi ya mteja? Fundi wenu ndiye aliyeagiza boza Alhamisi jioni, akajaza, akatia chumvi, akawasha pampu. Hakutia dawa ya kuondoa klorini. Chumvi aliipima kwa ndoo na macho. Tangi la lita 240 likishawekwa mawe hubaki na maji kama lita 200, ambayo kwa chumvi ya ndoo yenu yanahitaji kilo saba na nusu hivi kufika 1.025, yaani uzito wa maji ya bahari ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi. Yeye alimimina karibu kilo tisa. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, ilisoma 1.031. Maji yaliyobaki kwenye mfuko mmoja wa samaki wenu yalisoma 1.019, maana nyinyi huwaweka kwenye chumvi ndogo kupunguza vimelea. Si vibaya, maduka mengi hufanya hivyo. Lakini samaki anayetoka 1.019 kwenda 1.031 anatakiwa kuzoeshwa taratibu: mpira mwembamba wa hewa uliofungwa fundo, matone mawili hadi manne kwa sekunde, saa nzima au zaidi, na kwa tofauti kubwa kama hiyo kwanza unashusha chumvi ya tangi lenyewe. Fundi wenu alielea mifuko dakika kumi na tano, akaifungua kwa kisu, akamimina samaki pamoja na maji yao machafu. Jumamosi, saa nne asubuhi. Tangi lina siku mbili.

Nilipomuuliza kuhusu kuiva kwa tangi, yaani kuota kwa bakteria wanaosafisha maji, alitikisa kichupa cha bakteria na kusema dawa hiyo inamaliza kazi palepale. Kichupa kilikuwa kimepita muda wake kwa miezi mitano. Hata kingekuwa kipya, kumimina bakteria kwenye maji yenye klorini ni sawa na kupanda mbegu kwenye sufuria ya maji moto.

Mawe nayo mliyauza kama mawe hai, yaani yenye bakteria hao tayari. Yalikuwa makavu, meupe, yananuka vumbi la stoo. Ushahidi ni namba za Jumanne usiku: amonia 2 mg kwa lita, nitriti 0, nitrati 0. Anayeuza matangi anaelewa maana yake. Samaki anatoa amonia, kundi la kwanza la bakteria linaigeuza nitriti, kundi la pili linaigeuza nitrati. Nitriti sifuri huku amonia imejaa maana yake hata kundi la kwanza halijafika. Hapakuwa na kitu kinachofanya kazi mle ndani zaidi ya pampu. Na kwa pH 8.2 (pH ni kipimo cha asidi ya maji) na joto la nyuzi 29, amonia iliyo katika ile hali yenye sumu inayopenya matamvua huwa nyingi kuliko kwenye maji ya pH ya chini. Ndiyo maana maji chumvi hayasamehi.

Mfanyakazi wenu mwingine alinijibu kwa WhatsApp kwamba kilichoua samaki "itakuwa nitriti". Nitriti ilikuwa sifuri, ndugu yangu. Na hata ingekuwepo, kwenye maji ya bahari kloraidi huizuia isiingie kwa urahisi kwenye matamvua, hivyo si muuaji kama ilivyo kwenye maji baridi. Msiwape wateja majibu ya kubahatisha.

Kangaja alikufa Jumatatu, amelala ubavu chini ya bomba la pampu, matamvua yamevimba mekundu, na ile buluu yake imegeuka kijivu kama jivu la mkaa. Samaki huyu, kwa taarifa, hukua hadi sentimita 30. Kumuuza kwa tangi la sentimita 120, hata lililokwisha kuiva, tayari ni kosa. Vifuu wawili walimfuata usiku huohuo. Nilibadilisha lita 80 Jumanne baada ya kupima, kwa maji niliyoyatayarisha mwenyewe, na bado klaunifishi wote wawili wakafa.

Kazi hii haikuhitaji miujiza. Mnajaza, mnarekebisha chumvi, mnatia chanzo cha amonia hadi 2 mg kwa lita bila samaki hata mmoja, mnapima kila baada ya siku mbili. Amonia inashuka, nitriti inapanda, kisha nayo inashuka. Siku tangi linapoweza kumaliza 2 mg ndani ya saa 24 na nitriti ikasoma sifuri, mnabadilisha nusu ya maji na kutia samaki mmoja au wawili. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Nyinyi mlitumia saa 40.

Narudi kwenye sinki, kwa sababu hapo ndipo mliponimaliza. Chupa ilikuwa ya nusu lita, nimeiandika tarehe na saa kwa kalamu ya wino mzito. Msimamizi hakuisoma. Alifungua kizibo akiongea na mteja mwingine, akaigeuza, akafungulia na bomba juu yake hadi povu likaisha, kisha akanirudishia chupa tupu kana kwamba amenisaidia kuiosha. "Mama yangu, samaki wanakufa tu." Kijana wa kaunta akacheka. Ule ulikuwa ushahidi, na mliumwaga mkijua ni wa nini.

Kwa hiyo ombi la Sh 570,000 nililoandika hapo juu halitoshi tena. Nadai pia Sh 400,000 za ufundi, ndoo nzima ya chumvi, bei ya mawe yaliyouzwa kwa jina lisilo lake, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya msimamizi huyo, si ya ofisa uhusiano. Siku kumi na nne ningewapa watu ambao wangenipimia maji. Nyinyi nawapa saba, kuanzia tarehe ya mhuri wa kupokelewa. Nimebakiwa na sampuli ya pili, imo kwenye friji, na picha za kila kipimo. Siku ya nane jalada hili linaenda Tume ya Ushindani pamoja na kile kichupa kilichopita muda.

Vifuu wawili bado wako hai. Msimtume fundi.

Wenu,
Mteja
(sahihi)

Nakala: Tume ya Ushindani (imeandaliwa, haijatumwa)