Salamu za Diwali: Siku Rama Alipomwambia Adui Akapumzike

Majirani na ndugu zetu Wahindu, kuanzia Kisutu hadi Mombasa na popote mlipo, heri ya Diwali! Vibatari vimeshapangwa barazani, sinia la ladu na jelebi limeanza kuzunguka, na sisi wa mlango wa pili tumekaa mkao wa kula.

Siku 20 hivi zilizopita, kwenye Dussehra, sikukuu ya ushindi wa Rama dhidi ya Ravana, sanamu za Ravana mwenye vichwa kumi zilitiwa moto viwanjani huko India, fataki zikiwa zimejazwa tumboni. Ni shangwe tupu. Mimi lakini msimu huu hunirudisha kwenye pambano la kwanza la Ravana na Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, ambalo halina sanamu ya kuchoma.

Katika Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi wa mshairi Valmiki, Ravana mfalme wa Lanka anatoka vitani mwenyewe. Rama anamvunjia gari, anawaua farasi wake, upinde unamtoka mkononi, kisha mshale mmoja unalikata taji lake. Na huyu ndiye aliyemwibia mke! Hapo Rama anamwambia: umechoka, nenda kapumzike, urudi na gari na upinde, ndipo utakapoziona nguvu zangu. Ravana akarudi mjini bila taji, watu wanamtazama. Naona aibu hiyo ilimchoma kuliko mshale.

Lile pambano la mwisho mnalijua. Mungu Indra anamletea Rama gari lake, likiendeshwa na Matali. Kila kichwa cha Ravana kinachokatwa, kingine kinachipuka, mpaka Matali anamkumbusha Rama silaha ya Brahma, mungu muumba. Mshale unapasua moyo wa Ravana na kurudi wenyewe podoni.

Ndipo Vibhishana, mdogo wake Ravana aliyekuwa upande wa Rama, anasita kumzika kaka yake kwa maovu aliyotenda. Rama anamjibu kwamba uadui hukoma mtu akifa: mfanyie mazishi, ni wako na ni wangu pia. (Sisi huku, mtu aliyetugombania mpaka wa shamba hata matanga yake hatuendi.)

Baada ya hayo ndiyo safari ya Rama kurudi kwao Ayodhya, miaka 14 ya uhamisho imekwisha, na kurudi huko ndiko mnakokukumbuka kwa taa mnazoziwasha usiku huu.

Ziwake salama, watoto waangaliwe na fataki. Na nyie wafanyabiashara wa Kigujarati, madaftari mapya ya hesabu yakishaombewa, yajae faida mwaka mzima. Diwali njema, na Sal Mubarak, yaani heri ya mwaka mpya wa Kigujarati!