Boti za Faza zina ratiba, haijabandikwa tu

Kwa Mhariri,

Kila Idd inapokaribia, malalamiko huwa yale yale hapa Nairobi: boti za kwenda Siyu, Faza na Kizingitini, miji ya kisiwa cha Pate huko Lamu, hazina ratiba, manahodha huondoka wanapojisikia, na mtu aliyetoka huku na watoto hulala Amu, yaani mji wa Lamu, siku mbili akisubiri chombo. Naomba nafasi niseme kwamba ratiba ipo. Imewekwa na maji, nahodha anaifuata tu, na hujulikana mwaka mzima kabla. Tatizo ni kwamba msafiri wa Nairobi haioni popote anapokatia tiketi.

Anayeishia mji wa Amu hana haja sana na barua hii. Ndege za kutoka viwanja vya Wilson au JKIA huchukua saa moja na kitu, hutua kisiwani Manda, na kutoka gati la uwanja hadi mjini ni dakika chache za boti. Mambo mawili tu huwaponza watu. La kwanza ni kutosoma tiketi vizuri, mtu akajikuta Lang'ata Road anaelekea Wilson na ndege yake inapakia abiria JKIA. La pili ni mizigo: ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 na hutaka begi laini linaloingia kwenye buti nyembamba, si sanduku gumu la magurudumu.

Wanaokwenda mbele ya Amu wengi wao hutumia reli na basi, na hesabu huanza kuharibika mapema. Treni za abiria za SGR kutoka Syokimau ni tatu kwa siku: ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku. Nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Mwenye safari ya visiwani apande ya usiku. Hufika Miritini, kituo cha Mombasa, kabla ya alfajiri, na mabasi ya Lamu huondoka Mombasa asubuhi, ofisi zake zikiwa Mwembe Tayari na mitaa ya jirani. Aliyepanda ya saa mbili hushuka Miritini mchana, mabasi ya siku hiyo yakiwa yanakaribia Mokowe, gati la bara la kuvukia Amu. Huyo badala ya kulala Mombasa ni heri apande matatu jioni hiyo hiyo hadi Malindi, kilomita kama 120, alale huko na adake basi kesho yake likipita, mradi ameweka nafasi mapema. Na afike Syokimau saa nzima kabla ya treni, kwa sababu mizigo hupangwa chini mbwa wainuse, ikapitishwa kwenye mashine, kisha ipo foleni nyingine ya kitambulisho.

Basi la Lamu hupita Malindi, Garsen, Gamba, Witu na Hindi hadi Mokowe, safari ya saa sita hadi nane. Tangu kipande cha Garsen hadi Lamu kitiwe lami, kinachokula muda ni vizuizi vya usalama. Abiria hushushwa, hukaguliwa, hutembea kwa miguu hadi ng'ambo ya kizuizi na kupanda tena. Kitambulisho kiwe mfukoni. Kikiwa ndani ya begi lililofungiwa kwenye buti, basi zima litakungoja wewe, na abiria wenzako hawatanyamaza. Kisha kuna Mto Tana. Novemba 2023 maji yalifunika barabara Gamba na Lango la Simba, usafiri ukakatika, na masika ya 2024 mambo yakajirudia. Maji hayo hunyesha nyanda za juu, na mabwawa ya juu ya mto yakishajaa hushuka kwa wingi. Ndiyo maana jua linaweza kuwaka Amu wiki nzima na barabara iko chini ya maji. Anayesafiri Novemba au Mei aulize hali ya Gamba, asiulize kama Lamu kunanyesha.

Mokowe hadi Amu ni nusu saa kwa boti ya abiria. Ukivuka hapo, saa ya mkononi haikusaidii tena.

Njia ya ndani ya kwenda Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau na Kiwayu ni Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Pande zote ni mikoko. Maji yakijaa, boti iliyopakia hupita bila wasiwasi. Yakipwa, hubaki kijito na matope. Chombo kilichochelewa hupwelewa, na kikipwelewa hakuna cha kusukuma wala kuvuta: abiria watakaa humo juani saa tano sita hadi maji yarudi. Ndiyo maana manahodha huingia Mkanda maji yakiwa yanapanda, saa moja au mbili kabla ya kujaa. Ukigusa mchanga maji yakipanda, yatakuinua. Ukigusa yakishuka, umelala hapo.

Hesabu yake si ngumu, hasa kwa anayefuata mwezi mwandamo. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, maji makubwa. Siku hizo bahari hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku inayofuata, sogeza mbele kama dakika 50. Baada ya wiki utakuwa umefika kwenye maji mafu, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, ambapo bahari hujaa kama saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, na tofauti imeshuka hadi mita 1 na kidogo. Maji mafu hayakaushi Mkanda kama bamvua, lakini pia hayaujazi sawasawa. Boti nyepesi hupita karibu wakati wowote. Iliyopakia magunia ya unga, saruji na mbuzi hukwaruza hata maji yakiwa yamejaa.

Sasa tazama Idd. Idd ya Mfungo Mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, huangukia mwandamo daima, kwa hiyo huangukia bamvua daima. Wanaotoka Nairobi hujazana kuanzia tarehe 26 Ramadhani. Tarehe 27 bahari hujaa kama saa nane u nusu mchana, na boti ya Faza inataka iwe imeng'oa nanga Amu saa saba. Basi lililoondoka Mombasa saa moja asubuhi hufika Mokowe saa nane likienda vizuri, saa tisa likicheleweshwa vizuizini. Abiria anavuka hadi Amu na kukuta gati tupu. Maji yatajaa tena saa tisa usiku, wakati ambao hakuna nahodha mwenye akili atakayepakia familia za watu. Hiyo ndiyo siri ya kulala Amu. Anayefika tarehe 29 ndiye anayewahi, maana siku hiyo bahari hujaa karibu saa kumi jioni, lakini kila mtu akingoja tarehe 29, boti moja itapakia watu wa boti mbili, na itafika Kizingitini giza limeingia.

Idd ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, ina hesabu nyingine kabisa. Ni tarehe 10, maji mafu, na anayevuka tarehe 7 au 8 atakuta bahari inajaa kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Hakuna basi la siku hiyo litakalomuwahisha. Alale Amu kwa kupanga, aamke gatini.

Kuna abiria ambaye akikuta Mkanda umekauka humwambia nahodha apite nje tu, yaani atoke mlango wa Shela na kuzunguka Manda upande wa bahari kuu. Wakati wa kaskazi siku ikiwa shwari hilo hufanyika. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, ni kutafuta balaa, na sababu ni hii: Mkanda hukauka maji yakipwa, na maji yakipwa mkondo hutoka kwa nguvu mlangoni Shela. Mkondo huo hukutana uso kwa uso na upepo na mawimbi ya kusi yanayoingia. Wimbi ambalo lingekuja limelala husimama wima na kufupika, boti fupi iliyojaa mizigo ikapanda moja na kuchomeka kwenye la pili. Kwa maneno mengine, saa unayoshawishika kupita nje ndiyo saa mbaya kuliko zote za kupita nje. Nahodha anayekataa asiitwe mwoga.

Niongeze jambo la mashine, maana ndilo huharibu safari hata maji yakiwa sawa. Mashine ya nyuma hupozwa kwa maji ya bahari inayoyavuta yenyewe. Ikikimbizwa palipo kina kifupi huvuta mchanga na majani, mpira wa pampu ukalika au tundu likaziba, na mashine ikachemka na kuzima katikati ya Mkanda. Abiria anaweza kuona hili kabla ya kuondoka: mashine ikiwa inanguruma gatini, kamkondo ka maji lazima karuke kwa nyuma, kembamba lakini kwa nguvu na bila kukatika. Kakitiririka kwa kudondoka, nahodha achokonoe tundu kwanza. Tazama pia kama kuna upondo ndani ya boti. Penye kina kifupi mashine hupandishwa na chombo husukumwa kwa mti huo, na boti isiyo na upondo ina maana nahodha ataendelea kusaga mchanga kwa rafadha. Jaketi okozi ivaliwe na kufungwa kamba zote. Kuikalia kama mto, kama wafanyavyo wengi kwa sababu ubao ni mgumu, ni sawa na kutokuwa nayo.

Kwa anayekwenda kisiwa cha Pate, kushuka Mtangawanda mara nyingi ni afadhali kuliko kung'ang'ania kufikishwa hadi mlangoni kwake. Gati la huko hufikika hata maji yakiwa yameanza kushuka, wakati mji wa Pate wenyewe maji yakipwa huachia matope ya kukanyaga hadi magotini. Kutoka Mtangawanda kuna bodaboda za kwenda Pate, Siyu na Faza. Chukua pesa taslimu kutoka Amu, maana wakala wa M-Pesa visiwani huishiwa na floti wiki ya Idd. Kiwayu ni mbali zaidi, na wengi hukodi boti ya kasi. Bei yake kwa sehemu kubwa ni petroli, kwa hiyo patanisha kwenda na kurudi pamoja, na mkubaliane saa ya kurudi kwa kutazama maji. Ukimwambia nahodha "tutarudi jioni" siku ambayo maji yanapwa jioni, hamjakubaliana kitu.

Ninachoomba ni kidogo. KPA, mamlaka ya bandari, huchapisha jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kila mwaka. Karatasi ya mwezi mmoja ibandikwe gati la Mokowe, gati la Amu, ofisi za mabasi ya Lamu kule Mombasa na hapa Nairobi, na kaunta za ndege za Wilson, ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili na kwa saa zetu. Kampuni za mabasi nazo, katika kumi la mwisho la Ramadhani, zitoe walau basi moja Mombasa saa kumi alfajiri. Litakuwa Malindi kukipambazuka na Garsen jua limetoka, kwa hiyo haligusi zile saa za usiku zinazotia hofu barabara ya Lamu, na litafika Mokowe kabla ya adhuhuri. Hilo litahitaji maafisa wa usalama wa Gamba na Witu waarifiwe mapema ili ukaguzi usilikwamishe. KMA, mamlaka ya usafiri wa majini, ambao hukagua boti, nao waongeze upondo kwenye orodha ya vitu vya lazima kwa vyombo vinavyopita Mkanda, na wahesabu abiria gatini tarehe 29, siku ambayo kila mtu anataka kupanda.

Kwa aliyekwisha kata tiketi ya basi la saa moja asubuhi tarehe 27, asihangaike kuibadilisha. Apige simu leo kutafuta chumba Amu, kwa sababu vyumba vya bei nafuu karibu na gati huisha kwanza, na amwekee nahodha nafasi ya kesho yake. Bahari itajaa kama saa tisa na robo alasiri, kwa hiyo awe gatini na mizigo yake imefungwa kwa nailoni saa saba mchana.

Msomaji wenu,
Pangani, Nairobi