Mwanangu, ngazi iko upande gani?

Mwanangu,

Sisi huku wazima, hofu ni kwako tu. Bibi yako bado "mgonjwa", kama sisi Watoraja tunavyomwita marehemu mpaka siku ya mazishi, yuko palepale chumba cha kusini. Leo asubuhi mama yako alimpelekea kahawa na tambuu yake, akamwambia umepata kazi Morowali, kwenye viwanda vya kuyeyusha nikeli. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Huu mwezi wa kumi na nne tangu aache kutujibu, na bado nilijikuta nangoja aseme, "Huyo mtoto asiende."

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mtandao haupo tangu Jumapili. Hata pale kwenye jiwe nyuma ya kanisa simu inazunguka tu. Binamu yako anashusha kahawa Bittuang kesho, na kutoka hapo barua itapanda gari mpaka Rantepao kwa shangazi yako. Basi lako ni Jumanne. Ikikuta umeshaondoka, shangazi aifungue, aipige picha akutumie. Lakini nataka ikukute.

Swali langu ni moja. Ulisema kazi yenyewe ni kuendesha winchi, kwamba utakaa kwenye kibanda huko juu, mbali na moto, na ndani kuna kiyoyozi. Sawa. Kwenye hicho kibanda mtu anapandaje? Na anashukaje? Ngazi iko upande gani, wa tanuru au wa ukutani? Nilikuuliza kwenye simu ukacheka, ukasema, "Baba, hiyo ni mitambo, si mti wa kuchuma parachichi." Mama yako naye akacheka. Mimi sikucheka.

Desemba 2022, kule Morowali Utara, wale wawili waliokufa walikuwa ndani ya kibanda cha winchi. Walikuwa juu, kama wewe usemavyo. Moto ukawafuata hukohuko juu. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Desemba, tanuru lililokuwa likitengenezwa likalipuka Morowali, na watu 21 wakafa. Kesho yake ilikuwa Krismasi, nyumba ngapi huku zina mtoto kule? Watu walikuwa wanapanda kwenye lile jiwe na simu zao mmoja mmoja, wanashuka hawasemi kitu.

Najua utakachonijibu. Utasema hata huku mlima unaua, kwamba Aprili 2024 watu 20 walifukiwa na udongo upande wa Makale, tena wengine wakiwa majumbani mwao. Ni kweli. Ila wale hakuna aliyewatuma.

Nilitaka uwe mwalimu, ukawa mwalimu. Nyati wawili waliishia kwenye ada yako ya chuo, na lile jaruba la chini bado liko rehani, lakini siku ulipovaa joho nilikaa mstari wa mbele na viatu vya kuazima, vimenibana, na sikuvivua. Miaka mitatu ukafundisha hapa kwetu kwa rupia laki tatu kwa mwezi, nazo zinalipwa zikikumbukwa. Kuacha kwako sikukulaumu. Au tuseme nilikulaumu ile jioni, lakini nilikuwa nimetoka shambani na njaa. Darasa la sita sasa limebaki na watoto wanne, mdogo wako akiwa mmoja wao. Anasema akimaliza naye atakwenda kwenye nikeli. Ana miaka kumi na mbili, hajawahi kuiona bahari, lakini nikeli anaijua.

Kuhusu kile kikao cha ukoo. Ulisimuliwa na mama yako, na najua mama yako anavyosimulia. Baba yako mdogo alitoka Timika, akaingia na gari la kukodi, akasema yeye kwa mazishi ya bibi yako atatoa tedong bonga. Nyati wa mabaka, bei ya nyumba! Watu wakageuka kunitazama mimi, mkubwa wake. Nikasema nitatoa watatu. Kimya. Nikaongeza, "Na binti yangu, wa kwake mmoja." Unajua neno likishatoka pale mbele ya tongkonan, nyumba ya ukoo, halirudi, na kulikuwa na mtu anaandika. Nilijiambia, hata ningekuuliza kwanza ungekubali tu. Ungekubali, si ndiyo?

Siku ya soko nilikwenda Bolu. Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, nyati wamepangwa kama magari stendi. Kulikuwa na dume jeusi, pembe zimefunguka vizuri. Mwenyewe alikuwa anammwagia maji kwa kopo la rangi, anamsugua nyuma ya masikio, na kamba ya puani ameishika kwa kidole kimoja, utadhani anamtembeza mtoto. Nikauliza bei. Rupia 35,000,000, na maneno yapo, lakini si mengi. Nikasimama pembeni nikapiga hesabu kwa zile laki zako tatu. Karibu miaka kumi, bila kula. Nikapiga tena kwa mshahara ulionitajia wa Morowali, ikaja miezi saba. Ndipo nikajua kwa nini ulitia sahihi bila kuniaga.

Basi sikiliza, na hili usimwambie baba yako mdogo. Nyati anaweza kungoja. Bibi yako hana haraka. Wapo wagonjwa waliokaa ndani miaka mingi, watoto wao wakitafuta, na hakuna aliyewacheka, au waliocheka wameshasahau. Usiombe zamu za ziada kwa ajili ya nyati. Usikope kwa ajili ya nyati. Sitaki pembe za kupachika kwenye nguzo ya mbele, halafu kila nikipita niziangalie nikumbuke ngazi.

Siku ya kwanza kazini, kabla hujagusa kitu, panda ushuke. Halafu panda tena, ushuke umefumba macho, mkono kwenye chuma. Hesabu vipandio. Nikikuuliza nataka namba. Ukiona moshi wa rangi usiyoizoea, shuka, usingoje mtu akuruhusu. Wakikufukuza kazi kwa kushuka, rudi nyumbani. Nitakuwa na la kusema, hilo ulijue, lakini rudi.

Barakoa uvae, hata wenzako wasipovaa. Chumba upange na watu wa huku kwetu, wako wengi, na kanisani utawakuta. Mwezi wa kwanza usitume hela, nunua godoro. Mwezi wa pili tuma kidogo kwa mama yako, goti linamsumbua tena na zahanati wanampa vidonge vilevile. Wanaume wa kule siwezi kukufundisha, una akili kuliko mimi, ila yule uliyekuwa naye Makale hakunifurahisha, basi.

Kahawa mwaka huu ingekuwa nzuri, mvua tu haituachi. Kila tukianika, kabla ya saa sita tunakimbizana na turubai. Gunia moja limeshapata harufu ya ukungu, na mnunuzi ana pua. Paa la ghala la mpunga linavuja upande wa mashariki. Nataka nibadilishe niweke bati, mama yako anasema mianzi ndiyo heshima. Labda heshima yake haivuji. Barabara ya kushuka imeliwa pale kwenye kona ya mto, pikipiki inasukumwa, kwa hiyo binamu yako akichelewa usimgombeze.

Nguruwe jike kazaa saba, mmoja akamlalia. Wawili nimeshawatenga, ni wa deni la msiba wa jirani, imo kwenye daftari. Kitanda chako analala mdogo wako, nimemwambia ni kwa muda.

Jambo jingine, mama yako anauliza kama ufunguo wa lile sanduku kubwa umeondoka nao. Ametafuta kila mahali. Nguo nyeusi zote zimo humo na anataka kuzianika kabla nondo hawajazimaliza. Kama unao, mpe shangazi yako, binamu yako ataupitia Ijumaa akirudi.

Na ngazi. Usisahau kunijibu ya ngazi.

Baba yako