YAH: Kasha la mini-ITX lenye vipimo visivyo sahihi na kebo ya raiza isiyohimili Gen 4

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimenunua kwenu kasha dogo la kompyuta pamoja na kebo ya raiza, yaani ile inayounganisha kadi ya video na bodi mama. Nakala ya risiti nimeiambatisha. Naomba mnibadilishie kebo au mnirudishie fedha yake, na mrekebishe karatasi ya vipimo vya kasha kabla hamjamuuzia mtu mwingine.

Nianze na kebo, maana ndiyo iliyosumbua zaidi. Kwenye boksi imeandikwa PCIe 4.0, yaani kizazi cha nne (Gen 4) cha njia ya PCI Express ambayo kadi hutumia kuwasiliana na bodi mama. Kadi ni RX 6600, bodi mama ni ya B550, prosesa ni Ryzen 5 5600X. Vyote vitatu vinakubali Gen 4. Kadi ikipita kwenye kebo yenu, skrini inazima ghafla mchezo ukianza, na kumbukumbu za Windows zinajaa makosa ya WHEA (ripoti za Windows za hitilafu za vifaa) namba 17 yanayoelekeza kwenye njia ya PCI Express. Kadi hiyohiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye bodi, nje ya kasha, inafanya kazi kwa Gen 4 bila kosa hata moja. Ikirudishwa kwenye kebo, kisha BIOS (programu ya mipangilio ya bodi mama) ikalazimishwa Gen 3, inatulia. Kwa hiyo tatizo si kadi wala bodi. Kebo haiwezi kupitisha mawimbi ya GT 16 (gigatransfer, kipimo cha kasi ya PCIe) kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya Gen 4. Uwezo wake unaishia 8, yaani kasi ya Gen 3.

Fundi wenu alinijibu kwamba chanzo ni overclocking, yaani kuendesha vifaa kwa kasi kupita ya kiwandani. Hilo halishiki. Majaribio yote niliyoyataja yamefanyika baada ya kufuta mipangilio ya BIOS: PBO (inayoongeza kasi ya prosesa) imezimwa, XMP (inayoongeza kasi ya RAM) imezimwa, RAM iko kwenye kasi yake ya kawaida. Na ushauri wake kwamba "tumia tu Gen 3, hutaona tofauti" unaweza kumfaa mwenye kadi inayotumia njia 16 za data za PCIe. RX 6600 ina njia 8 tu, hivyo kuishusha hadi Gen 3 ni kuikata nusu ya upana wa mawasiliano, kutoka karibu GB 16 kwa sekunde hadi karibu 8. Kadi hii ina kumbukumbu ya GB 8, na ikijaa, hapo ndipo mchezo unapoanza kukwama.

Kuhusu kasha, tangazo linasema kipoozeo cha prosesa chenye kimo cha hadi milimita 47 kinaingia. Thermalright AXP90-X47 ina milimita 47 kamili na haiingii: kifuniko cha ubavuni kinagota kwenye feni, matundu ya skrubu hayakutani. Nimepima kwa vernia. Kutoka kwenye uso wa bodi mama hadi ndani ya kifuniko ni milimita 47, lakini kutoka juu ya prosesa hazifiki 40. Aliyepima alianzia kwenye bodi, wakati watengenezaji wa vipoozeo huhesabu kimo kuanzia juu ya prosesa, ambayo kwenye soketi ya AM4 imeinuka kama milimita 7 au 8.

Noctua NH-L9a ya milimita 37 inaingia, ila feni yake inakaribia kugusa kifuniko, hivyo inavuta hewa kwa shida na kuvuma. Kwa kikomo cha kiwandani cha wati 76, 5600X tayari inasogelea nyuzi 95, ambapo hujipunguzia kasi yenyewe. Kinachobaki ni kushusha volti kwa Curve Optimizer au kuwasha Eco Mode inayopunguza umeme wa prosesa, yaani kinyume kabisa cha maneno "tayari kwa overclocking" mliyoyaandika kwenye tangazo. Andikeni milimita 39, na mwondoe maneno hayo.

Sehemu ya pawa saplai sina ugomvi nayo. Pawa saplai ya SFX (umbo dogo) imekaa vizuri na kebo zimepata nafasi.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Nimeambatisha picha za vipimo na kumbukumbu za makosa ya WHEA. Kebo ipo na boksi lake. Nijulisheni niilete lini na nimkabidhi nani.

Wenu,
Mteja