Kigoma tuanze kuandaa safari ya chuo kikuu tangu kidato cha tano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na walimu wa Kigoma, hasa wenye vijana wa kidato cha tano na cha sita. Matokeo yakishatoka Julai, kila nyumba inauliza kama mtoto amepata chuo. Wakati huo mengi yameshaamuliwa. Wapo vijana wenye alama nzuri wanaokosa nafasi au mkopo kwa sababu nyumbani na shuleni hakuna aliyewaeleza chuo kikuu cha umma kinavyokwenda.

Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake wa kwanza. Baadaye kikazaa vingine: Sokoine mwaka 1984, Muhimbili na Ardhi mwaka 2007. Historia hii ina faida kwa anayejaza maombi leo. Udaktari wa mifugo hauko Mlimani, kampasi kuu ya Dar es Salaam, uko Sokoine, Morogoro. Udaktari wa binadamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam unasomewa Mbeya. Kwenye vyuo vyake vishiriki, ukichagua ualimu wa Mkwawa, unakwenda Iringa, na wa DUCE, yaani Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, uko Chang'ombe. Mzazi aliyempangia mtoto kukaa kwa shangazi yake Ubungo anapaswa kuyajua haya kabla ya kulipia fomu.

Sasa alama. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni ufaulu wa daraja la A hadi E katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi husika, yenye jumla ya pointi 4.0. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E hazitoshi, hata kama somo la tatu ni zuri lakini kozi hailitambui. Hapo ndipo wengi hukosea: wanajumlisha tahasusi nzima badala ya masomo ambayo kozi imeyataja. Tena hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Kozi inayogombewa huchukua wenye alama za juu kwanza, kwa hiyo mwenye pointi 4.0 asijaze kozi za aina hiyo peke yake.

Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo kwa mtandao, na huku kwetu wengi wanajaziwa steshenari. Mwenye steshenari akiweka namba yake ya simu na barua pepe yake ili amalize haraka, kijana ameshaingia matatani. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hulazimika kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe ukienda kwa mtu mwingine, muda wa kuthibitisha unapita na nafasi inapotea. Laini iwe ya mwanafunzi mwenyewe, na nywila aiandike kwenye daftari lake kabla hajaondoka pale.

Mkopo una ugumu wake, na ugumu huo unaanzia kwenye jina. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi kihakikiwe vilevile. Cheti cha kuzaliwa kikisema Hamisi na cha kidato cha nne kikisema Hamis, maombi yanaweza kukwama. Marekebisho ya jina yanahitaji kiapo au hati ya kisheria, kisha mzunguko wa ofisi, na dirisha la mkopo halimsubiri mtu. Fomu nayo inapita kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa mdhamini mwenye kitambulisho, na kwa kamishna wa viapo. Mtu wa Kalya au Buhingu anayefuata mihuri hiyo mjini anategemea boti, kwa hiyo siku tatu za mwisho hazimtoshi.

Akipata mkopo, mzazi asidhani gharama zimekwisha. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini bumu la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya fedha hiyo, hulisaini ukiwa tayari chuoni, baada ya usajili. Hosteli za Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa 2017, zina vitanda 3,840, na wanafunzi ni wengi kuliko hapo mara kadhaa. Kijana anayeshuka kwenye treni akiwa na nauli tu ataanza muhula kwa madeni.

Darasani nako kuna jambo la kuelewa. Mhadhiri wa chuo kikuu anapandishwa cheo, kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa, kwa utafiti na machapisho pamoja na kufundisha. Hatamfuata mwanafunzi kumuuliza kwa nini hakuja. Kwa kawaida alama 40 kati ya 100 zinatokana na majaribio, semina na kazi za katikati ya muhula, na 60 ni za mtihani wa mwisho. Aliyezoea kukesha na vitabu wiki ya mwisho, kama alivyofanya kidato cha sita, anaingia kwenye mtihani akiwa ameshapoteza zile 40, na sapu, yaani mtihani wa marudio, inamngoja. Ajue ratiba ya ofisi ya mhadhiri, na semina asizikose.

Napendekeza mambo mawili kwa ofisi ya elimu ya mkoa. Kila shule ya kidato cha tano ilinganishe majina ya vyeti vya wanafunzi wake muhula wa kwanza, mwalimu wa taaluma akiwa na orodha mkononi. Na msajili wa vizazi na vifo wa wilaya apangiwe siku ya kufika shuleni kabla ya mtihani wa Mei, maana baada ya hapo vijana wanatawanyika, wengine JKT, wengine vijijini Uvinza na Buhigwe, na kuwakusanya tena ni kazi.

Mwalimu mshauri wa wanafunzi,
Ujiji, Kigoma