Barua kwa mwanangu: Kabla hujapandisha dishi

Mwanangu mpendwa,

Habari za Uyole? Sisi huku Tandika hatujambo, na goti la mama yako limepata nafuu tangu mvua zikate. Nimeona nikuandikie kuliko kupiga simu, maana kwenye simu wewe huwa una haraka, na mimi hili nataka ulisome polepole, ikiwezekana na mkeo akiwa pembeni.

Umeniomba nikutumie dishi na king'amuzi kwa sababu nyumba imepooza na jioni hamna cha kutazama. Kwangu dishi si tatizo, yapo hapa karakana. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujaanza kulipia kifurushi, mkae kwanza bila hicho kifurushi. Wewe ni mwenye nyumba sasa na siwezi kukupangia. Nakushauri kama baba, na pia kama fundi aliyepanda mapaa ya watu wengi kuwafungia vitu hivyo hivyo.

Watu hudhani ukilipia ndipo unaletewa mawimbi. Sivyo. Mawimbi yanashuka usiku na mchana kutoka kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, yanatua kwenye bati la aliyelipa na la asiyelipa. Unacholipia ni ufunguo wa kuifungua picha, na ufunguo wenyewe ni wa mwezi mmoja. Kifurushi ulichonitajia cha shilingi 30,000 kwa mwaka ni 360,000. Una kiwanja kimekaa bila msingi, mwanangu. Piga hesabu ya saruji kwa bei ya huko kwenu uone unapata mifuko mingapi.

Ila fedha si sababu yangu kubwa, na ningekuwa tajiri bado ningekuandikia barua hii.

Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukimaliza jioni zetu? Taarifa ya habari ya saa mbili ikiisha, TV inazimwa, tunahamia kwenye kile chumba cha mbele nilichokuwa nikifanyia kazi. Mama yako anachambua mchele wa kesho, dada yako anasoma kwa sauti, wewe unanishikia tochi. Usiku mmoja nilikuwa nimefungua TV ya chogo ya jirani, ukanyoosha kidole kwenye kile kifuniko cha mpira kilichobanwa kwenye kioo. Nilikudaka mkono. Nikakueleza kwamba pale hupita umeme wa zaidi ya volti 20,000, na kwamba hata ukichomoa waya ukutani kioo kinaweza kubaki na chaji ya kukurusha. Hukuogopa. Uliuliza, "Sasa umeme unakaa wapi kama waya umechomolewa?" Ikanibidi nitafute maneno ya kumweleza mtoto wa darasa la nne jinsi kioo kinavyotunza chaji, na kesho yake ukaja na swali lingine, na keshokutwa lingine. Leo unafundisha fizikia. Sisemi nilikufanya mwalimu, akili ni zako na juhudi ni zako. Nasema ni katika jioni zile nilipokujua wewe ni mtoto wa namna gani. Kama pangekuwa na chaneli mia pale sebuleni, ungekuwa sebuleni, nami nisingekulaumu, lakini lile swali nisingelisikia.

Na sasa kuna mjukuu wangu, ambaye ndio kwanza anaunga maneno. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asikalishwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Chaneli za katuni zinaendelea saa 24, na mama aliyechoka na kazi za nyumbani ni rahisi sana kumwacha mtoto pale. Simlaumu mama yeyote kwa hilo. Ila mtoto anajifunza kusema kwa kujibiwa, na katuni haimjibu. Mwambieni "Paukwa" hata kama hajui bado kuitikia "Pakawa". Ataitikia siku moja, na mtafurahi nyote wawili.

Nakusikia ukisema, baba, na mpira je? Najua hilo ndilo lenye uzito. Mei 2021 shirikisho letu la soka, TFF, na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, na ndiyo maana ligi yetu iko ndani ya kifurushi. Siubezi mkataba huo, klabu zetu zilikuwa zikihangaika hata nauli ya kusafiri mikoani. Lakini wewe mechi unazozitaka kwa dhati kwa mwezi ni mbili tatu. Hizo nenda kibanda umiza na wenzako, ulipe kiingilio chako, upige kelele, urudi nyumbani. Mpira wa kutazama na watu una raha yake, na ukiwa mgeni mjini ndipo utakapopata marafiki. Nyingine sikiliza TBC Taifa.

Usidharau redio. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, na kila mtu akasema yamekwisha. Marudiano yalikuwa Lusaka. Babu yako alikuwa na redio ya National, betri zimechoka, tangu asubuhi amezianika juu ya bati zipate joto ziongeze nguvu kidogo. Simba ikashinda 5-0 ugenini. Mtaani kwetu hakuna aliyeona hata bao moja kwa macho, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu 1973, na huku Dar wenye uwezo walisimamisha milingoti mirefu wanase ya kule. Sisi wengine tulingoja hadi 1994 ITV ilipoanza. Hata ile fainali ya Kombe la CAF ya 1993, Simba na Stella Abidjan, mimi niliipata kwa redio. Na bado watu wa rika langu tunaisimulia ile ya Lusaka kana kwamba tulikaa jukwaani.

Halafu kukaa bila kifurushi si kukaa gizani. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, kila mwenye TV ya chogo alilazimika kununua king'amuzi, na wengi tangu hapo wanaamini lazima ulipe kila mwezi ili uone chochote. Kwenye ving'amuzi vya antena, chaneli za kitaifa za bure zinatakiwa zibaki wazi hata kifurushi kikiisha. Ni masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, si hisani ya mtu. TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV, zote za bure, na taarifa ya habari unaipata. Wateja wangu wenye madishi walilijua hili Agosti 2018, TCRA ilipovizuia ving'amuzi vya dishi vya kulipia kubeba chaneli hizo. Walijaa hapa karakana wakitaka niwatengenezee madishi ambayo hayakuwa na ubovu wowote. Walichokuja kukilalamikia ni zile za bure.

Jambo moja tu nakuonya. Msije mkaacha kifurushi mkahamia kwenye bando, kila mmoja na simu yake kwenye kona yake. Hapo hamtakuwa mmeokoa fedha wala jioni. Afadhali TV moja mnayoitazama pamoja na kugombania rimoti kuliko simu mbili kimya.

Siku za mwanzo zitakuwa ndefu, hasa kwa mkeo ambaye kwao waliizoea. Msikilize. Akiona kweli anahitaji tamthilia zake baada ya kazi, lipieni mwezi huo bila ugomvi, kisha mwezi unaofuata mjadiliane upya. Kifurushi hakina mkataba wa ndoa, kinaweza kungoja.

Kwa hiyo dishi nimeliacha hapa. Nakutumia kwa basi king'amuzi cha antena, antena yenyewe, na waya wa kutosha kutoka paani hadi sebuleni. Uifunge juu kuliko paa, uielekeze zinakoelekea za majirani, kisha ufungue ukurasa wa nguvu ya mawimbi na kuigeuza kidogo kidogo. Kila ukigeuza, subiri kidogo kabla ya kugeuza tena, maana dijitali haikuonyeshi chenga za kukuongoza kama zamani. Picha ama ipo, ama imeganda. Maungio ya nje yazungushie tepu vizuri, waya ukiingia maji huko kwenye mvua zenu utasumbuka mwaka mzima. Tochi akushikie mkeo.

Mama yako anauliza mtamleta lini mjukuu. Nisalimie mkwe wangu na wazazi wake.

Wasalaam,
Baba yako