Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliosoma Mifululizo Kuanzia Katikati

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu kila Desemba aeleze chama chetu cha wasomaji kimekwendaje. Nitaanza na fedha, nije kwenye vitabu, halafu tufike kwenye lile jambo ambalo nusu yenu mmekuja kwa ajili yake, yaani juzuu ya tatu. Mwenye haraka ya kurudi dukani anivumilie.

Fedha ni fupi. Tuliuanza mwaka tukiwa wanachama 19, tunaufunga tukiwa 23. Ada ni ileile, shilingi 5,000 kwa mwezi, na wanaolipa kwa wakati ni walewale. Mweka hazina amebandika hesabu ukutani nyuma yangu. Kila risiti ipo isipokuwa ya mandazi ya Aprili, kwa kuwa mama wa mandazi haandiki risiti na hakuna kati yetu mwenye ujasiri wa kumdai.

Sasa vitabu. Mtakumbuka kwamba Januari nesi wetu alisimama akasema amechoka na riwaya za kusomewa mtihani, zile ambazo kila ukurasa unakuuliza maswali. Akaomba mwaka mmoja wa vitabu vinavyomfanya mtu aache chai ipoe: riwaya za upelelezi na za maajabu, zile zenye shujaa mmoja anayerudi kitabu baada ya kitabu. Tulipiga kura, ikapita. Ambacho hatukukifikiria ni vitabu vyenyewe vitatoka wapi.

Tororo, mji wetu huu wa mashariki mwa Uganda, si mahali pa kuingia dukani ukaomba mfululizo mzima. Vingi tunavipata kwenye marundo ya mitumba kule Kampala, Owino na kandokando ya barabara, na vile vya Kiswahili tunawaagiza madereva wanaotoka Nairobi. Rundo la mtumba halijui kitabu cha kwanza ni kipi. Katibu alirudi na kaveera mbili nzito, ile mifuko ya plastiki, akazimwaga mezani: mfululizo huu tuna cha 2 na cha 5, ule tuna cha 4 peke yake kisicho na jalada, mwingine tuna cha 9. Mwandishi alikuwa na mpangilio wake, soko likatupa wa kwake. Tukasoma hivyo hivyo, na ndivyo nilivyopata kipimo changu mwaka huu. Mimi si mhakiki. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu forodhani Malaba, na nasoma ninaposubiri karatasi zigongwe muhuri. Kwa msomaji wa namna yangu, swali la kwanza juu ya mfululizo wowote ni hili: naweza kuupanda katikati ya safari?

Riwaya za upelelezi zimejibu vizuri. Chukueni Jack Reacher wa Lee Child. Kitabu cha kwanza kilitoka 1997, na tangu hapo karibu kila mwaka jamaa huyu, mwanajeshi mstaafu wa polisi ya jeshi la Marekani, anajikuta katika mji asioujua na kukuta watu wake wana matatizo. Sisi tulipata vitano visivyofuatana na hakuna aliyepotea njia. Hata mwandishi mwenyewe hakujali mpangilio: mwaka 2004 alitoa kimoja kinachorudi nyuma hadi mwanzoni mwa 1990, Reacher akiwa bado jeshini. Ni kama posho, yaani ugali, na maharage. Unajua utakachopewa, na siku una njaa hutaki kingine.

Malalamiko yalikuwepo. Fundi wetu wa cherehani alikasirika kwelikweli aliposoma kwamba Reacher hafui nguo. Zikichafuka anazitupa na kununua nyingine. Akataka kujua huyo anazitupa wapi, na kama zinafika Owino. Mimi nililokwama nalo ni mzigo. Mtu anazunguka nchi nzima hana begi, ana mswaki wa kukunja mfukoni tu. Angejaribu hivyo mpakani kwetu usiku, angelala kituoni. Na tangu 2020, jina la mdogo wake mwandishi lilipoanza kuonekana kwenye jalada pamoja na lake, nahisi chumvi imepungua. Nesi anadai nimeambiwa kwanza ndipo nikaonja. Huenda.

Vya Kiswahili vilivyotufikia ni vichache, lakini ndivyo vilivyozua kelele nyingi. Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla wa Unguja tulimpata katika vitabu viwili, na kile cha mwanzo kabisa, kilichochapishwa 1960, kimeshikwa na mikono mingi hadi kimekuwa laini kama kitambaa. Watu husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa Kiingereza wa vitabuni, aliyevaa kanzu: kiko kipo, rafiki wa kumstaajabia yupo, naye ni Najum. Ni kweli, lakini mimi naona tofauti, na ndiyo ninayoipenda. Bwana Msa hasaidiwi sana na alama za viatu. Anasaidiwa na maneno ya watu. Nani alimwoa nani, mtoto huyu ni wa nani hasa, kwa nini mzee yule hataki fulani atajwe mbele yake. Huo ndio upelelezi tunaoujua, maana hata hapa mtaani mambo mengi hufichuka kwenye msiba watu wakianza kutajana kwa ukoo. Kasoro yake ni mwishoni. Akishajua siri, Bwana Msa anaieleza mpaka kiti kinauma.

Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, ni dawa nyingine. Mzee wetu wa reli alisoma kile cha mwaka 1974 enzi zake, na alipokiona tena mezani alikaa nacho siku mbili bila kupokea simu. Kasi yake ni ya ajabu, na maadui ni makaburu na vibaraka wao, kwa hiyo msomaji hasiti amshangilie nani. Ila dada zetu waliuliza, na sijapata jibu la kuwapa, kwa nini kila mwanamke mrembo anayeingia ama ni mtego ama ni maiti kabla ya sura ya kumi. Nakubaliana nao. Nimekisoma tena nikiwa na swali hilo kichwani, na nimekiona kwa jicho jingine.

Riwaya za maajabu ndizo zilizotuangusha, na kosa si lao. Hizo aghalabu ni hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande. Kijana wetu wa boda aliuvamia mfululizo wa Robert Jordan, wenye vitabu 14, kwa kuanzia cha 5. Wiki tatu hatukumwona. Alipokuja alikuwa amechora nyuma ya kalenda nani ni nani na anamtii nani, na bado aliniuliza kama lile ni jina la mtu au la mji. Jordan alifariki 2007 hajamaliza, akapewa kazi Brandon Sanderson. Kitabu kimoja cha kufungia kikazaa vitatu, na cha mwisho kikatoka Januari 2013. Kijana wa boda aliposikia hayo alikunja kalenda yake akasema ataonana nao Peponi.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala mkubwa wa mwaka, ule wa Juni uliotufanya tufukuzwe ukumbini saa mbili usiku. George R. R. Martin alianza mfululizo wake 1996, kitabu cha tano kikatoka 2011, na cha sita wasomaji wanakisubiri hadi leo. Filamu yake ya televisheni ilikwisha 2019, yaani mkia umefika kabla ya ng'ombe. Mwalimu wetu alisema hadithi si mkopo. Mwandishi hatudai nasi hatumdai, tulinunua kitabu kimoja na tukakipata. Mzee wa reli akajibu kwamba ukimwambia mtu "sasa sikiliza, kulikuwa na mfalme", halafu ukainuka ukaenda zako, umemkosea hata kama hakukulipa. Mimi niko upande wa mzee. Anayeandika "kitabu cha kwanza" juu ya jalada ameahidi kitu. Lakini namwelewa Mwalimu pia, kwa sababu wasomaji tunajua kudai kupita kiasi. Conan Doyle alimuua Holmes, mpelelezi aliyemtunga mwenyewe, mwaka 1893 ili apate nafasi ya kuandika mengine aliyoyaona ya maana zaidi. Watu walimkasirikia, na kufika 1903 alikuwa amemfufua. Hadithi za baada ya ufufuo nimezisoma. Ni nzuri, lakini unamsikia mwandishi akitazama saa.

Jambo jingine lililotuchukua jioni nzima lilikuwa la lugha. Vitabu tunavisoma kwa Kiingereza lakini tunabishana kwa Kiswahili, maana hapo ndipo Mjapadhola, Mteso, Msamia na Mgishu wanapokutana bila mmoja kuwa mgeni. Sasa wale viumbe wa Tolkien, katika riwaya yake ya maajabu The Lord of the Rings, tuwaiteje? Wale wabaya wanaokula watu hawakuleta shida: mazimwi. Joka ni joka. Wale wafupi wa milimani, mtu akasema mbilikimo, akapingwa, maana mbilikimo ni watu wa kweli wenye kwao. Wale warefu wasiozeeka, kuna aliyependekeza majini, na Mwalimu akakataa katakata kwamba jini ana mambo yake na tusimsingizie. Hatukuafikiana. Tunawaita "wale wa masikio".

Mwalimu ndiye aliyetukumbusha kwamba tunahangaika na maajabu ya mbali na hali Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, tunaye. Akatusimulia. Jitu la kutisha limefungwa gerezani, mjakazi Saada anapewa ujumbe wa mafumbo ampelekee mama yake Liyongo, mkate wa makapi unapita mbele ya askari na tupa imefichwa ndani, minyororo inakatwa huku ngoma zinapigwa nje zifunike sauti. Hiyo ni riwaya ya kusisimua kamili. Kisha yale maajabu: silaha haimdhuru, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayetumwa kumchoma ni mwanawe. Hata akishakufa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wanaogopa kwenda kuchota maji. Nimekipenda kitu kimoja hapo, nami nimekuwa nikikitafuta katika vitabu vyote tangu siku ile. Tunaambiwa mapema ni kitu gani kitakachomuua, na mwisho hauvunji sharti. Mifululizo mingi ya siku hizi, shujaa akibanwa kitabu cha tatu anagundua nguvu ambayo hatukuambiwa kitabu cha kwanza. Hapo mimi hufunga kitabu nikaenda kuulizia karatasi zangu.

Kuhusu vijana nina neno moja. Tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, watoto wetu wengi zaidi wanaulizia somo hili. Wanapewa ngeli na minyambuliko. Sijakutana na mmoja aliyepewa Bwana Msa. Kamati inaomba idhini ya kuazimisha vitabu vya Kiswahili kwa wanafunzi bila ada, mzazi akitia saini.

Mapendekezo mengine ya kamati ni mawili. Fedha ya chama isinunue tena riwaya ya maajabu mojamoja. Ama mfululizo uliokamilika wote, ama tuache. Za upelelezi katibu aendelee kuokota zilivyo. Pia anayetoboa mwisho wa kitabu mbele ya ambao hawajafika alipe shilingi 2,000 papo hapo. Mwaka huu imetokea mara nne, na mara mbili mhusika alikuwa mimi. Nimelipa.

Sasa juzuu ya tatu. Mfululizo mmoja tu wa maajabu tuliupata kamili, nao ni ule wa Tolkien, vitabu vitatu vya mwaka 1954 na 1955. Mwandishi aliukusudia uwe kitabu kimoja. Wachapishaji wakaukata kwa sababu ya gharama, karatasi ikiwa ghali baada ya vita. Walikata pabaya. Juzuu ya pili inakwisha Frodo, shujaa mwenyewe, yuko hai lakini ametekwa na adui, na Sam, mwenzake wa safari, amebaki nje ya lango. Wanachama kumi na mmoja mliachwa hapo tangu mwishoni mwa Juni, kwa kuwa juzuu ya tatu ilikuwa ndani ya lori la mwenzetu dereva inakwenda Juba. Mmenipigia simu, mmenitumia ujumbe wa sauti, mmoja amenifuata forodhani. Nawakumbusha tu kwamba wasomaji wa kwanza walisubiri tangu Novemba 1954 hadi Oktoba 1955. Sisi imekuwa miezi mitano.

Imerudi. Ina doa la chai na harufu ya dizeli, kurasa zote zipo, na nakala iko kwa katibu pamoja na orodha ya zamu. Faini kwa sheria yetu ni shilingi 1,000 kwa wiki, jumla 22,000, ambazo ni zaidi ya bei tuliyokinunulia. Dereva wetu anaomba apunguziwe. Anasema alikwama njiani mara mbili, na kwamba hakukaa na kitabu bure: jioni alikuwa akimsomea utingo wake na kumfasiria kwa Kiswahili, na walipofika nusu utingo akakataa kirudishwe kabla ya kwisha. Huyo utingo amejaza fomu ya uanachama na ameshalipa ada ya miezi miwili. Amekaa pale mlangoni, mwenye koti la kijani.

Kamati imegawanyika kuhusu faini. Kiti changu hakina kura ila mkilingana. Mwenye hoja anyooshe mkono.